Kusafiri Nje ya Nchi Wakati wa Janga: Hesabu Inayoanzia Mwishoni

Mwezi Oktoba mwaka 2021, mgonjwa wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja kliniki akiwa na bahasha nene. Ndani yake mlikuwa na viza ya India, tiketi mbili za ndege na barua ya hospitali iliyokubali kumpandikiza figo. Upandikizaji wa figo ulikwisha kuanza kufanyika Muhimbili tangu Novemba 2017, lakini hali ya mishipa yake ya damu ilihitaji upasuaji mgumu zaidi. Mchangiaji wa figo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na wangesafiri pamoja. Kila kitu kilionekana kuwa tayari.

Nilimwuliza swali moja: "Mwalimu, mdogo wako akikutwa na virusi siku mbili kabla ya safari, nafasi yako ya kusafishwa damu hapa itakuwa imeshapewa nani?"

Alinyamaza. Mgonjwa huyo alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kila wiki. Abiria mwingine akikwama siku kumi hupoteza fedha na muda. Yeye akikwama siku chache tu bila mashine, maji na madini ya potasiamu vingejikusanya mwilini hadi kuusimamisha moyo. Mpango wake ulikuwa mzuri kwa siku ambayo mambo yangekwenda sawa. Haukuwa na neno lolote kuhusu siku ambayo yangeharibika.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga safari ya kimataifa wakati wa janga, kwa mtu mwenye afya njema na kwa mgonjwa. Mifano mingi inatokana na UVIKO-19, lakini kanuni zake hufaa kwa milipuko mingine pia.

Kwa nini safari ya wakati wa janga ni tofauti

Katika nyakati za kawaida, masharti ya kuingia nchi fulani hukaa miaka bila kubadilika. Wakati wa janga hubadilika kwa siku. Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa dharura ya afya ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020. Tarehe 16 Machi Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, msafiri aliyetoka nje ya nchi. Wiki moja baadaye, India ilisimamisha safari za kawaida za ndege za kimataifa, na hazikurejea rasmi hadi tarehe 27 Machi 2022. Katikati ya miaka hiyo miwili, abiria walisafiri kwa mipango maalumu kati ya India na nchi mojamoja. Vilevile, Afrika Kusini ilipotoa taarifa ya kirusi kipya tarehe 24 Novemba 2021, ambacho baadaye kiliitwa Omikroni, nchi nyingi ziliwafungia wasafiri wa kusini mwa Afrika ndani ya siku chache.

Kwa hiyo, masharti uliyoyasoma siku ya kununua tiketi si lazima yawe ndiyo utakayokutana nayo uwanjani. Yasome mara tatu: kabla ya kulipa, wiki moja kabla ya kuondoka, na siku mbili kabla ya kuondoka. Soma pia masharti ya nchi utakayobadilishia ndege, kwani abiria wengi walizuiwa njiani na si mwisho wa safari. Tegemea taarifa za ubalozi, wizara ya afya ya nchi husika na shirika la ndege. Usitegemee maelezo ya jirani aliyesafiri mwezi uliopita.

Kalenda ya mwili na kalenda ya sheria

Msafiri wa wakati wa janga huongozwa na kalenda mbili ambazo hazilingani.

Ya kwanza ni kalenda ya mwili. Tangu virusi vya korona viingie mwilini hadi dalili zionekane hupita siku 2 hadi 14. Katika siku za mwanzo, kipimo kinaweza kusema huna virusi ilhali vinaendelea kuzaliana. Ndiyo maana majibu yasiyoonyesha maambukizi ni mfano wa picha: yanaonyesha hali ya saa ile sampuli ilipochukuliwa. Hayakukingi, na hayasemi lolote kuhusu harusi utakayohudhuria kesho yake. Kwa sababu hiyo, siku zipatazo kumi na nne za mwisho kabla ya safari zinapaswa kuwa za utulivu: mikusanyiko michache, barakoa, na hewa ya kutosha mahali pa kukaa.

Ya pili ni kalenda ya sheria. Nchi nyingi zilidai kipimo cha PCR, ambacho hutafuta vinasaba vya virusi, kilichofanyika ndani ya saa 72. Saa hizo kwa kawaida huhesabiwa tangu sampuli ilipochukuliwa, wala si tangu majibu yalipotoka. Aidha, nchi nyingine huhesabu hadi wakati wa kuondoka, na nyingine hadi wakati wa kuwasili. Tuchukue mfano. Sampuli imechukuliwa Alhamisi saa 3 asubuhi, na ndege inaondoka Jumamosi saa 10 jioni. Saa 55 zimekwisha kupita, zimebaki 17. Ikiwa safari, pamoja na kusubiri ndege ya pili, inachukua saa 20 na nchi unayokwenda inahesabu hadi kuwasili, cheti chako kitakuwa kimekwisha muda kabla hujafika.

Njia salama ni kuhesabu kinyumenyume. Anza na saa ya kuwasili, rudi hadi saa ya kupima, kisha urudi hadi siku ya chanjo. Chanjo nyingi za UVIKO-19 zilihesabiwa kuwa kamili siku 14 baada ya dozi ya mwisho, na zile za dozi mbili zilihitaji wiki kadhaa kati ya dozi na dozi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Anayekumbuka chanjo juma moja kabla ya safari amekwisha kuchelewa.

Mgonjwa anayesafiri

Mwenye kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo anapaswa kumwona daktari wake wiki sita au zaidi kabla ya safari. Abebe dawa za siku zote za safari na akiba ya wiki mbili, ndani ya mkoba anaoingia nao kwenye ndege. Insulini isiwekwe kwenye mizigo ya chini, kwani inaweza kuganda na kuharibika. Barua ya daktari itaje ugonjwa, majina ya asili ya dawa badala ya majina ya kibiashara, na vipimo vya dozi.

Anayesafishwa damu athibitishe kwa maandishi nafasi yake kule aendako, na aulize atahudumiwa wapi akiwekwa karantini. Vituo vingi humtaka pia apimwe homa ya ini B na C pamoja na Virusi vya UKIMWI kabla ya kumpokea. Muhimu zaidi, asiiachie nafasi yake ya nyumbani hadi apokee huduma ya kwanza ugenini.

Kwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji usio wa dharura, kuambukizwa UVIKO-19 huahirisha upasuaji wenyewe. Tafiti za mwaka 2021 zilionyesha kuwa hatari ya kufa hupungua upasuaji ukisogezwa walau wiki saba baada ya maambukizi. Pia, aliyepona anaweza kuendelea kuonekana na virusi kwenye kipimo cha PCR kwa wiki nyingi ingawa haambukizi tena. Aulize mapema kama nchi husika inakubali cheti cha kupona.

Swali la mwisho: je, ni lazima kwenda?

Mwenye homa, kikohozi au kuharisha asisafiri, hata kama tiketi hairudishiwi fedha. Kumeza dawa ya kushusha homa ili kupita kwenye kamera ya joto ni kuwahatarisha abiria walioketi jirani, na pengine mzazi mzee anayekusubiri upande wa pili. Januari 2025 Tanzania ilipothibitisha ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, Shirika la Afya Duniani halikushauri kuzuia safari. Mipaka inapobaki wazi, ulinzi hutegemea zaidi uaminifu wa kila msafiri kuhusu afya yake.

Tahadhari kabla ya hatari. Mwalimu alirudi nyumbani na kuupanga upya mpango wake. Alibadili tiketi ziwe za kuahirishika, akatenga fedha za siku kumi na nne zaidi, na kituo chetu kikakubali kumshikia nafasi kwa majuma mawili. Siku mbili kabla ya kuondoka, majibu ya mdogo wake yalionyesha ana virusi.

Hawakusafiri. Jumatatu asubuhi Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, mashine ikisafisha damu yake. Waliondoka mwanzoni mwa mwaka 2022, wiki saba zikiwa zimekwisha kupita, baada ya kuzisoma upya kanuni zote, ambazo wakati huo zilikuwa zimebadilika tena kwa sababu ya Omikroni.