Kwa Nini Nyota Humetameta na Sayari Hutulia?

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, umeme ukiwa umekatika mtaani, binti mmoja wa chuoni kwetu alituuliza: "Maalim, mbona nyota ile yatetemeka na ile pale imetulia?" Tulimjibu kwa haraka kuwa ndivyo zilivyo, tukamhimiza arejee kwao. Baadaye tuliona haya, kwani hatukumjibu, tulimnyamazisha. Tukatafuta.

Ile iliyotetemeka ilikuwa Shi'ra, nyota ing'aayo kuliko zote za usiku. Nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado nuru ya Shi'ra husafiri zaidi ya miaka 8 kutufikia. Kwa umbali huo, machoni petu ni nukta tu. Iliyotulia ilikuwa sayari ya Mushtari, ambayo nuru yake hutufikia kwa muda usiotimu saa moja. Darubini ndogo yatosha kutuonyesha duara lake.

Nyota yenyewe haitetemeki. Nuru yake hupita katika hewa iliyoizunguka dunia, yenye joto na baridi zisizotulia, nayo hupindwa huku na huku. Mama aketiye mbele ya jiko la makaa analijua jambo hili: ukitazama ukuta kupitia juu ya moto, huonekana ukicheza, ilhali haukusogea.

Nuru ya sayari nayo hupita katika hewa hiyo hiyo. Lakini duara ni nukta nyingi pamoja. Moja ikififia, nyingine hung'aa. Msomaji mmoja wa kasida sauti ikimyumba, wote husikia. Wakisoma arobaini kwa pamoja, hapana atambuaye.

Tazameni na watoto wenu darini au uani, mkichagua zilizo juu angani. Karibu na upeo wa macho nuru hupita hewa nyingi zaidi, hata sayari huweza kumetameta.

Siku ya pili tulikiri mbele ya darasa kwamba hatukuwa tukijua, kisha tukaeleza. Binti akauliza tena: "Basi aliye juu ya hewa huziona zimetulia?" Naam, mwanangu. Ndiyo maana mwaka 1990 darubini ya Hubble ilipelekwa huko.

Swali hilo la pili tungelikosa, lau tungeliacha la kwanza lipotee. Mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie: "Tutatafuta." Kisha tafuta.