Friji haiui viini vya maziwa

Je, msomaji, wewe huamini kwamba maziwa mabichi yakishaingia kwenye friji huwa salama? Wengi huamini hivyo. Ukweli ni kwamba baridi hupunguza tu kasi ya bakteria wengi, haiwaui. Kuna hata mmoja anayezaana humo humo.

Fikiria jikoni asubuhi ya Julai, mjini Meru au Embu, baridi ya Mlima Kenya inaposhuka. Mafuta ya kupikia ya mkebe huwa magumu kama sabuni, ilhali yale ya chupa yangali yanamiminika. Tofauti ni umbo la asidi za mafuta zilizomo.

Bakteria naye amezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Utando huo ukiganda, chakula hakipiti na bakteria hawezi kukua. Lakini yule aitwaye Listeria ana hila: baridi ikizidi, hutengeneza asidi za mafuta fupi zaidi na zenye matawi ya namna nyingine, utando ukabaki laini. Ndiyo sababu huongezeka hata kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, baridi ya friji nzuri.

Na uchachu je? E. koli, bakteria wa kinyesi, hugeuza baadhi ya asidi zake za mafuta zikawa na pete ndogo. Utando wa namna hiyo hustahimili ukali wa asidi. Kwa hivyo maziwa lala yaliyotokana na maziwa mabichi hayawi salama kwa kuchacha pekee.

Hatari si ndogo. Listeria humletea mama mja mzito homa na maumivu ya misuli, kisha mimba ikaweza kutoka. Watoto wachanga na wazee pia hudhurika. Mwaka 2017 na 2018, huko Afrika Kusini, watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafa. Chanzo kilikuwa poloni, nyama iliyosindikwa ambayo wengi huila bila kuipasha moto.

Dawa ni moto. Viwandani maziwa hutiwa joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15. Nyumbani, yachemshe kabisa kabla ya kuyanywa au kuyagandisha, kisha yafunike kwenye chombo safi. Ikiwa una mimba na umeshikwa na homa, usingoje: muone daktari siku hiyo hiyo.