Kwa Nini Mpiga Bezi Hasikii Anachokipiga

Nenda kwenye shughuli yoyote ya Shinyanga mjini, iwe harusi ukumbini, uzinduzi wa albamu ya kwaya au mkutano wa injili katika uwanja wa CCM Kambarage, umtazame mpiga bezi. Mara nyingi ameinamisha kichwa kuelekea spika yake, amekunja uso, anatafuta sauti yake mwenyewe. Mtetemo anauhisi tumboni, ila hajui noti imetoka safi au imetoka chafu. Anaongeza sauti. Fundi mitambo anampunguza. Shughuli ikiisha anaambiwa bezi ilifunika maneno ya wimbo, na yeye anaapa kwamba hakuisikia kabisa. Pande zote mbili zinasema kweli.

Wapiga bezi ninaowazungumzia hapa ni wa ridhaa: walimu, waendesha bodaboda, mafundi cherehani, wachimbaji wadogo wa Geita wanaoshuka shimoni siku za kazi na kupanda jukwaani Jumapili. Wengi hulaumiwa kwa mambo ambayo si ya vidole vyao. Ni ya sauti nzito yenyewe, na ya umeme unaoilisha.

Waya mnene kuliko wote wa gitaa la bezi, yaani E, ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Waya wa E mnene wa gitaa la solo hutetemeka mara 82. Tofauti inaonekana ndogo, lakini sikio la binadamu halizitendei sauti zote kwa usawa. Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti nzito lazima iwe na nguvu nyingi zaidi ndipo isikike sawa na sauti ya kati, ile ya mtu anayeongea. Kwenye mitetemo 40 hivi, pengo hilo ni desibeli 30 au zaidi. Na kila ukitaka kupanda desibeli 10, amplifaya inadai umeme mara kumi. Ndiyo maana kibanda kidogo cha spika kinachotosha kabisa gitaa la solo huanza kukoroma kikipewa bezi, hata kabla mtu wa safu ya tatu hajaisikia vizuri.

Wanamuziki wengi hueleza jambo hili kwa njia nyingine. Husema wimbi la bezi ni refu, kwa hiyo lazima litembee mita kadhaa ndipo liumbike, na aliye karibu na spika hawezi kulisikia. Ni kweli kwamba wimbi la ile E ni refu, zaidi ya mita 8. Sehemu ya pili si kweli. Vaa spika za masikioni usikilize wimbo wowote wa dansi: bezi iko umbali wa sentimita chache kutoka ngoma ya sikio lako, nawe unaisikia yote.

Kinachotokea jukwaani ni hiki. Spika ya bezi imewekwa chini, inaelekea magoti ya mpigaji. Sehemu ya juu ya sauti ya bezi, ule mguso wa kidole kwenye waya unaokuambia noti imeanza lini na ni noti gani, husafiri mbele kwa mstari ulionyooka na kumpita chini ya kiuno. Sehemu nzito haina mwelekeo, inasambaa pande zote. Spika kubwa za mbele ya jukwaa nazo zinafanya vivyo hivyo: zinawapelekea wasikilizaji sauti kali, halafu zinarudisha nyuma uvumi mzito, uliochelewa kidogo, unaochanganyika na teke la dramu. Mpigaji anabaki na matope. Akiongeza kitufe cha sauti nzito anaongeza matope hayohayo.

Dawa yake ni rahisi kiasi kwamba huwa naona uchungu nikikuta watu hawaifahamu. Iweke spika juu ya kreti la soda, uilaze nyuma kidogo hadi itazame kichwa chako. Punguza kitufe cha sauti nzito, kisha pandisha cha sauti ya kati. Ukiwa peke yako bezi itasikika ngumu na isiyopendeza, kama inaongea puani, lakini kwaya na dramu vikiingia itakaa mahali pake na utaisikia kila noti. Sikio lina uwezo wa ajabu hapa: likipata mitetemo ya 82 na 123, ambayo hutokea pamoja na ile ya 41, hujaza lenyewe noti ya chini iliyokosekana. Ndivyo unavyoweza kufuata bezi ya bendi ya Msondo Ngoma kwenye redio ndogo ya mkononi ambayo spika yake haina uwezo wa kutoa mitetemo 41 hata kidogo.

Umeme una habari zake. Wa kwetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na jenereta ndogo nayo imetengenezwa ishike 50. Noti ya G, freti ya tatu kwenye waya wa E, ina mitetemo 49. Gitaa la bezi lenye sumaku ya mzunguko mmoja, au lenye waya ulioachia ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), litanasa mvumo wa umeme, na mvumo huo utakaa jirani kabisa na G. Ukipiga wimbo wa ki ya G, yaani unaotulia kwenye noti hiyo, noti yako na mvumo vitasukumana: sauti itavimba na kunywea mara moja kila sekunde hivi. Kijana anayekutana na jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani gitaa limetoka tuni, anaanza kulikaza katikati ya wimbo. Kisha jenereta inazidiwa, mwendo wake unashuka, mvumo unahamia noti nyingine, na yeye anazidi kuchanganyikiwa.

Kwa wachimbaji wadogo, sehemu kama Nyarugusu mkoani Geita, kuna makarasha ya kusaga mawe. Shughuli ikipata umeme kwenye laini moja na karasha, kila mota inapowashwa umeme unayumba. Wa kwanza kuumia ni mpiga bezi, kwa kuwa noti nzito ndizo zinazonyonya umeme mwingi kwa mkupuo. Amplifaya ikikosa cha kunyonya inakata kilele cha noti, na inatoka sauti ya kupasuka. Hapo usiongeze. Punguza.

Lipo jambo kubwa kuliko mvumo, nalo nalisema kwa uzito. Mpiga bezi ambaye pia huitikia huweka midomo kwenye maiki huku vidole viko kwenye waya za chuma. Mikisa ikiwa imechomekwa kwenye jenereta na amplifaya ya bezi ikachomekwa kwenye umeme wa jirani, au mahali pasipo na ethi, mwili wake unakuwa njia ya umeme kupita kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Wengine huhisi mwasho mdomoni na kucheka. Mwasho huo ni onyo la kifo. Vyombo vyote vya jukwaani vilishwe kutoka sehemu moja yenye ethi moja, na mtu asikate wala kukwepa pini ya ethi ili kuua mvumo. Shughuli zetu nyingi za nje hufanyika baada ya mavuno, kati ya Juni na Oktoba, wakati ardhi ya Shinyanga ni kavu kabisa, na ardhi kavu hupitisha umeme vibaya. Fimbo ya ethi ipigwe chini sana, na udongo uliozunguka umwagiwe maji mengi kabla ya kazi kuanza.

Sasa niseme kuhusu muziki wenyewe, maana hata umeme ukitulia kazi bado ipo. Chuo cha bezi katika ukanda huu ni kwaya. Misheni ya Africa Inland ilifika Nassa, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1909, na leo kwaya za AICT, kanisa lililotokana na misheni hiyo, na za makanisa mengine ndizo zinazowafundisha vijana wengi kushika gitaa. Kwaya nyingi hutumbuiza kwa kufuatisha muziki uliorekodiwa, kwa hiyo kijana anaweza kukaa muda mrefu akijua nyimbo za kwaya yake tu, kwa ki zilezile za studio. Mtihani unakuja siku ya kupiga laivu, hasa zinapofika pambio.

Pambio haina taarifa. Mama mmoja katikati ya kanisa anaianzisha kwa sauti iliyompendeza yeye, makofi yanaingia, na vyombo vinatakiwa vimfuate. Mpiga kinanda anabonyeza kitufe cha kuhamisha ki na vidole vyake vinabaki palepale. Mpiga bezi lazima mkono wake uhame kweli. Hapa ndipo ninapowapenda wapiga bezi wa makanisani, kwa sababu ujuzi huu wengi wao wameujenga bila mwalimu. Anayeanza na ajue kwamba ki zote 12 zinapatikana ndani ya freti sita za mwanzo kwenye nyuzi mbili nene, E na A. Asikimbilie mapambo. Asubiri mstari wa kwanza uishe, asikilize wimbo unapotua, aitafute noti ile ya kutulia kwa sauti ndogo, aishike ndefu, kisha atembee. Wakati mwingine mama ameanzia katikati ya ki mbili. Chagua ya chini, umwambie kwa jicho mpiga kinanda naye aichague hiyohiyo; watu wanaoimba bila vyombo kwa kawaida huelekea kushuka, kwa hiyo watakukuta njiani.

Kinanda kina mgogoro mwingine na bezi. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unapiga noti zilezile za chini, na kama ametumia midundo iliyomo kinandani, mara nyingi imekuja na bezi yake ya mashine. Bezi tatu kwa wakati mmoja. Wasikilizaji hawataweza kusema kosa liko wapi, watasema tu muziki mzito. Vinanda vingi vya midundo huruhusu kuzima bezi hiyo peke yake na kuacha dramu. Na mkono wa kushoto upande juu au upumzike. Mazungumzo haya yafanyike siku ya mazoezi, kwa heshima, maana mpiga kinanda mara nyingi ndiye mwalimu wa kwaya.

Tatizo la mpigaji kutokuwa na chombo chake mwenyewe ni la zamani. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki akihama aliviacha. Hata hivyo wapigaji wa bendi zile walikuwa na chombo kilekile kila siku, mazoezi mchana na dansi usiku. Suleiman Mwanyiro wa Msondo, aliyeitwa "Computer", alijenga jina lake kwenye bezi katika mazingira hayo. Kijana wa kwaya leo anaona gitaa siku ya mazoezi, linafungiwa stoo, na siku ya shughuli anakabidhiwa amplifaya ya kukodi ambayo hajawahi kuigusa. Kabla kwaya haijafikiria sare mpya, ningeomba wamruhusu mpiga bezi alale na gitaa nyumbani. Hilo halina gharama hata ya senti.

Kamati za harusi nazo zina sehemu yao. Mnapokodi muziki, fundi kwa mazoea ataweka spika moja ya bezi kushoto na nyingine kulia. Mwambieni aziweke pamoja, zimegusana. Zikitengana, mawimbi yake hukutana yakiwa sawa katikati ya ukumbi na kuuana pembeni, hivyo bwana harusi anatikiswa huku meza ya wajomba haipati kitu. Zikiwa pamoja zinasaidiana, na bezi inamfikia kila mtu kwa kiwango kinachokaribiana.

Kabla wageni hawajaingia, mtu mmoja wa kwaya aende hadi ukuta wa nyuma na kumwonyesha mpigaji kwa mkono: panda, shuka, hapo. Chini ya bati, ukumbi mtupu hurudisha sauti kali kwa fujo na kuifanya bezi ionekane ndogo. Watu wakijaa, nguo na miili yao inameza sauti kali kuliko inavyomeza sauti nzito, na bezi iliyokuwa sawa saa kumi inakuwa kubwa saa mbili usiku. Mtu yuleyule arudi nyuma tena baada ya wimbo wa pili, na mara nyingi atalazimika kuonyesha mkono chini.