Kompyuta Nzito Kolwezi: Sekunde Zinapotelea Wapi, Dola Ziende Wapi

Diski ya kuzunguka iliyomo katika kompyuta mpakato nyingi za zamani hufanya mizunguko 5,400 kwa dakika. Ukigawa, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11. Kichwa cha kusomea hutumia milisekunde kama 12 kusogea hadi kwenye njia yenye data, kisha kwa wastani hungoja nusu mzunguko, yaani milisekunde 5.5 nyingine, hadi kipande kinachotakiwa kipite chini yake. Jumla ni milisekunde 17 na nusu. Kwa hiyo hata diski yenye afya kamili husoma vipande 57 tu kwa sekunde ikiwa vimetawanyika, kama karani anayetumwa ghalani kuleta karatasi moja moja.

Kompyuta inapowaka, mfumo wake unahitaji maelfu ya vipande vya namna hiyo. Tuchukulie ni 10,000. Diski ya kuzunguka itatumia sekunde 175, karibu dakika tatu, kusoma peke yake. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Kipande kimoja inakifikia kwa sehemu ya kumi ya milisekunde, na kazi ile ile inaisha kwa sekunde moja. Ni kweli mifumo ya kisasa hujaribu kupanga usomaji ili safari zipungue, na prosesa nayo ina kazi zake za kufanya, kwa hiyo saa ya ukutani haitafuata hesabu hii neno kwa neno. Lakini uwiano ndio huo, nao unaeleza kwa nini mashine inayochukua dakika nne kuwaka, ikibadilishwa diski bila kuguswa kitu kingine, huwa tayari kwa kazi ndani ya nusu dakika.

Kolwezi, kusini mwa Kongo, tatizo hili lina sura yake, na sura hiyo inaanzia kwenye umeme. Mji huu umezungukwa na mitambo mikubwa: bwawa la Nzilo, lenye uwezo wa megawati 108, na la Nseke, megawati 248, yote juu ya mto Lualaba na yote ya miaka ya 1950, enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière. Tangu 1982 Kolwezi ndiyo mwisho wa laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, kilomita zipatazo 1,700 kutoka upande wa pili wa nchi. Kompyuta mpakato inakula wati 30 hivi. Nseke peke yake, ikizalisha uwezo wake wote, ingetosha kompyuta milioni 8 za namna hiyo. Ila umeme mwingi wa kusini unaelekea migodini na kwenye viwanda vya kuyeyusha na kusafisha shaba na kobalti, na mitaa ya Dilala na Manika inabaki na delestaji. Umeme unakatika bila taarifa, unarudi, unakatika tena.

Kwa kompyuta yenye betri nzima, kukatika huko si kitu. Betri ya kompyuta ya mtumba, hata hivyo, mara nyingi imekwisha. Mwenye mashine ameshazoea kuitumia ikiwa imechomekwa ukutani muda wote. Hapo kila delestaji ni sawa na kuichomoa ghafla katikati ya kuandika. Faili zinabaki nusu, na mfumo ukiwashwa tena unaanza kukagua diski nzima, kazi ambayo kwa diski ya kuzunguka yaweza kuchukua dakika nyingi. Baya zaidi ni sehemu za diski zinazoharibika. Diski ikikutana na sehemu isiyosomeka haikati tamaa mara moja. Hurudia na kurudia, wakati mwingine kwa sekunde kadhaa. Sehemu mbovu 10, kila moja ikila sekunde 7, zimeshaongeza sekunde 70 kwenye kuwaka, na mwenye mashine anadhani ni virusi.

Betri hiyo nayo inastahili hesabu yake, maana ni mali ya hapa. Katika betri za litiamu zilizozoeleka kwenye kompyuta mpakato, kemikali ya upande wa chanya ni kobalti kwa asilimia 60 ya uzito wake. Betri ya wati-saa 50 ya aina hiyo ina gramu 50 hivi za kobalti. Mwaka 2024 takriban robo tatu ya kobalti yote iliyochimbwa duniani ilitoka Kongo, na sehemu kubwa ya hiyo ni ya mkoa wa Lualaba. Mwanzoni mwa 2025 kilo moja ilikuwa kama dola 22. Gramu 50 ni dola moja na senti chache. Serikali ilisimamisha usafirishaji tarehe 22 Februari 2025, kisha ikaweka ukomo wa tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027, na bei ikapanda zaidi ya maradufu. Hata hivyo, kobalti iliyomo ndani ya betri bado ni dola mbili au tatu, wakati mkazi wa Kolwezi anayetaka betri mpya analipa mara kumi ya hapo, au zaidi. Nami naliona hilo kuwa jambo zito: madini yanaondoka kwa tani, yanarudi kwa gramu, na aliyezaliwa juu ya udongo huo ndiye anayefanya kazi na betri iliyokufa.

Turudi kwenye mashine. Kabla ya kutoa hata faranga moja, chukua simu yenye saa ya kupimia na gawa kusubiri kwako katika vipande vitatu: tangu kubonyeza hadi nembo ya mfumo itokee, tangu nembo hadi nafasi ya neno la siri, na tangu neno la siri hadi unapoweza kufungua faili bila kukwama. Kipande cha kwanza kikiwa kirefu, kosa liko kabla ya mfumo: flashi iliyoachwa imechomekwa, au ile betri ndogo ya duara ya CR2032 iliyokwisha, ambayo hufanya saa irudi nyuma miaka na mashine isimame ikisubiri ubonyeze kitufe. Cha pili kikiwa kirefu, shuku diski. Cha tatu kikiwa kirefu, angalia programu zinazojiwasha zenyewe. Windows huzipanga kwa uzito, na kipimo chake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: programu ikitumia zaidi ya sekunde moja ya prosesa, au ikisoma na kuandika zaidi ya megabaiti 3, inaitwa nzito. Zima zote usizozihitaji, isipokuwa kinga ya virusi. Hatua hii haina gharama yoyote.

Baada ya hapo ndipo pesa inapoingia. Tuchukulie SSD ya gigabaiti 240 na kazi ya fundi ni dola 45, betri dola 30, kumbukumbu (RAM) ya ziada dola 15, na kompyuta nyingine ya mtumba dola 200. Mei 2025 kima cha chini cha mshahara kilipandishwa kutoka faranga 7,075 hadi 14,500 kwa siku, kama dola 5 kwa bei ya kubadilisha ya wakati ule. Kwa mtu wa kima hicho cha 2025, diski ilikuwa siku 9 za kazi na mashine nyingine siku 40. Na ile mashine ya siku 40, ikija na diski ya kuzunguka, itakuwa nzito vilevile.

Mwenye duka la kuchapa na kufotokopi anapata jibu haraka zaidi. Delestaji ikimlazimisha kuwasha kompyuta mara 5 kwa siku, na kila mara akaokoa sekunde 215 kwa kuwa na SSD, hizo ni dakika 18 kwa siku, karibu saa 90 kwa mwaka wa siku 300 za kazi. Nusu ya saa hizo zikiwa za jenereta ndogo inayokunywa nusu lita kwa saa, amechoma lita 22 za mafuta akitazama nembo. Kwa umeme wa kompyuta yenyewe hakuna cha kuokoa: dakika nne kwa wati 30 ni wati-saa 2. Hasara yote iko kwenye muda na mafuta.

Ndiyo maana nasema diski kwanza, betri pili, kumbukumbu tatu. Mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inapozidiwa huhamishia mzigo kwenye diski, na kama diski ni ile ya vipande 57 kwa sekunde, kila kitu kinasimama. Ikiwa ni SSD, kusimama huko kunavumilika, hivyo dola 15 za kumbukumbu zinaweza kusubiri mwezi ujao. Betri haisubiri sana, maana SSD nayo haivumilii kukatiwa umeme ovyo. Muuzaji akikusifia diski ya megabaiti 3,500 kwa sekunde, muulize kama mashine yako ina nafasi yake. Nyingi za zamani zina kiungio cha SATA tu, kisichovuka 600, na kwa kuwaka hilo halina madhara, kwani kinachohesabika ni vipande vidogo. Na terabaiti 2 kwa bei ya gigabaiti 240 ni bandia.

Diski ikianza kugonga, au ripoti yake ya afya ikionyesha sehemu zinazosubiri kuhamishwa, nakili picha na hati zako siku hiyo hiyo, kabla ya kukagua, kabla ya kusafisha, kabla ya fundi. Kila kuwasha kunaipunguzia uhai.

Limebaki suala la mfumo. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka gigabaiti 4 za kumbukumbu, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski na chipu ya usalama ya TPM 2.0, masharti ambayo kompyuta nyingi za mtumba hazitimizi. Kwa mwanafunzi au karani, Linux nyepesi juu ya SSD ni njia nzuri. Lakini kama kumbukumbu ni gigabaiti 2 zilizochomelewa ubaoni zisizoongezeka, usiweke dola nyingine humo. Na kama SSD ulishainunua, itoe: ya inchi 2.5 itaingia katika karibu kompyuta yoyote yenye SATA utakayoipata baadaye.