Polisi Wako Kilomita Ngapi?

Mtu akionekana na bunduki Nakivale, swali la kwanza ni umbali. Makazi haya ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, yaliyofunguliwa 1958, yana ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 185 na wakazi zaidi ya 150,000. Mbarara, yaliko makao ya polisi wa kanda ya Rwizi, ni kama kilomita 60. Gari likikimbia kilomita 60 kwa saa litatumia saa moja. Mvua ikiharibu barabara na mwendo ukashuka hadi 40, ni saa moja na nusu.

Mafuta si tatizo kubwa. Gari linalokunywa lita 12 kwa kilomita 100 litatumia lita 14 na ushei kwenda na kurudi. Lita ikiwa shilingi 5,000, ni takriban 72,000. Kinachogharimu maisha ni dakika. Tarehe 2 Aprili 2015 washambuliaji 4 walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, alfajiri. Kikosi maalumu kutoka Nairobi kilifika mchana. Watu 148 waliuawa. Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwa askari wa vituo vya ndani ya makazi: redio, pikipiki, mafunzo.

Hata hivyo, kuwahi peke yake hakutoshi. Nakivale ni eneo la wakulima, na panga mkononi mwa mtu anayetoka shambani si shambulio. Anayepokea simu ya 999 aulize, kwa Kiswahili ikibidi: ni silaha gani? Anamtishia nani? Watu wako karibu naye kiasi gani? Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 zinamtaka askari ajitambulishe na kuonya kabla ya kufyatua, hali ikiruhusu, na asikusudie kuua ila pale ambapo hakuna njia nyingine ya kuokoa uhai.

Tena simu hupigwa na mwenye imani na polisi. Tarehe 14 Julai 2010, Wanyarwanda wapatao 1,700 walikamatwa Nakivale na katika makazi mengine ya Kyaka, na kurudishwa kwao kwa nguvu, chini ya ulinzi wa polisi wenye silaha; wawili walikufa waliporuka kutoka kwenye malori. Aliyeshuhudia hayo atasita kupiga simu, na kusita huko ni dakika pia.

Ripoti ya mwaka ya polisi huhesabu makosa. Kwa kila taarifa ya mtu mwenye silaha, ihesabu pia dakika hadi askari wa kwanza afike, risasi zilizofyatuliwa, na waliojeruhiwa, mshukiwa akiwemo. Hapo ndipo mkazi wa Nakivale na wa Mbarara watajua kama wanalindwa sawa.