Baada ya Ardhi Kutikisika: Bukoba ya 2016 na Sisi wa Kilwa

Jumatano, tarehe 12 Agosti 2020, muda mfupi baada ya saa mbili usiku, ardhi ilitikisika katika ukanda wetu wa pwani. Kitovu kilikuwa chini ya Bahari ya Hindi, kusini mashariki ya Dar es Salaam, na ukubwa wake ulikaribia 6. Dar es Salaam watu waliokuwa ghorofani walishuka ngazi mbio. Madhara yalikuwa madogo, na baada ya wiki moja hakuna aliyelizungumzia tena.

Sisi tunaona linafaa kuzungumzwa. Miaka minne kabla yake, tetemeko la ukubwa unaokaribia huo huo liliua watu hapa hapa nchini. Tofauti kubwa ni kwamba letu lilitokea baharini, mbali na nyumba, na lile lilitokea chini ya vijiji.

Ilikuwa Jumamosi, 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri. Kitovu kilikuwa karibu na Nsunga, wilayani Missenyi, na ukubwa ulikuwa 5.9. Mkoani Kagera walifariki watu 17, wengine zaidi ya 400 wakajeruhiwa. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka na maelfu mengine zikapata nyufa. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ambaye ni mtu wa kwetu Lindi, alikuwa Bukoba kuomboleza na wafiwa katika uwanja wa Kaitaba. Tukumbuke pia kwamba ilikuwa mchana, siku ambayo hakuna masomo. Kama ingekuwa saa nane usiku, hesabu ya marehemu ingekuwa nyingine.

Kutikisika kwenyewe ni suala la sekunde. Linalochosha ni miezi inayofuata. Baada ya tetemeko kubwa huja mengine madogo, na kila moja huwatoa watu nje upya. Kwa hiyo hata mwenye nyumba iliyosimama alilala uani, watoto wamefunikwa kwa turubai, huku mvua za vuli zikikaribia. Mwenye nyumba yenye ufa ana shida ya pekee, kwa kuwa hajui kama ana nyumba au hana. Aliyepangisha vyumba viwili ili apate ada ya mtoto amepoteza wapangaji. Choo kimetitia. Mgonjwa na mzee hawawezi kukaa kwenye hema kama kijana.

Shule za sekondari Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Ihungo ni shule kongwe iliyoanzishwa na wamisionari, na ilibidi ijengwe upya, kwa msaada pia wa serikali ya Uingereza. Mwanzoni mwa Januari 2017 Rais John Magufuli alifika Bukoba, akaeleza kwamba serikali itarudisha miundombinu ya umma na kwamba wananchi wajenge nyumba zao wenyewe. Wengi waliumia kusikia hivyo. Lakini ndivyo mambo yanavyokwenda baada ya maafa mengi: mabati na saruji za msaada hufika, husaidia, kisha huisha, na familia inabaki na fundi wake.

Basi tumzungumzie huyo fundi. Ukuta wa tofali hubeba vizuri uzito unaoukandamiza kutoka juu. Tetemeko huusukuma kwa ubavu, na hapo ndipo unaposhindwa, hasa ukiwa wa tofali za udongo zilizounganishwa kwa udongo. Nyufa huanzia kwenye pembe za madirisha na milango, zikipanda mshazari. Kuta mbili zinazokutana kwenye kona huachana, kisha sehemu ya juu ya ukuta, ile pembetatu chini ya paa, huanguka nje. Dawa yake inajulikana: lenta ya zege yenye nondo inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, ikizishika kuta zote kama ukanda. Mafundi wengi huimwaga juu ya madirisha tu, vipande vipande, ili kubana gharama.

Tuna methali ya usipoziba ufa. Ni nzuri, ila baada ya tetemeko inaweza kumponza mtu. Ufa wa mshazari uliopenya upande wa pili wa ukuta haumalizwi kwa plasta na rangi. Ukizibwa hivyo umefichwa tu, na atakayelala chini yake hataujua. Afadhali ubaki wazi mpaka mhandisi wa halmashauri auone.

Hapa Kilwa tuna nyumba za namna mbalimbali. Ile ya miti na udongo yenye makuti, ambayo vijana wanaionea aibu, huyumba kidogo bila kuanguka kwa sababu ni nyepesi na fito zake zimefungwa pamoja. Ya tofali za saruji isiyo na lenta ndiyo ya kuogopwa. Makanisa, misikiti na kumbi zina kuta ndefu zisizo na vyumba vya kuzishikilia, kwa hiyo kamati za ujenzi ziulize habari ya nondo kabla ya kuuliza habari ya marumaru.

Swali jingine husikika kila mara: je, ni adhabu? Waseminari wataulizwa hivyo na wafiwa. Katika Luka sura ya 13 Yesu anautaja mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18, na anakataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Tusimwambie mfiwa zaidi ya hapo.

Kuna mambo mawili ambayo Bukoba hawakuwa nayo. La kwanza ni barabara. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, magari yakakwama kwa siku kadhaa. Msaada kutoka kaskazini hupita njia hiyo hiyo, na majeruhi wa Masoko wanaopelekwa Hospitali ya Kinyonga, Kivinje, wanategemea barabara pia. Kigango chenye machela, turubai na watu wawili watatu waliofunzwa huduma ya kwanza kitakuwa na cha kufanya siku ya kwanza.

La pili ni bahari. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami kutoka Sumatra yalivuka bahari yote na kuua watu hata Tanzania. Kina mama wanaokwenda mwambani kutafuta pweza wanajua bamvua ni lini na maji yatakupwa mpaka wapi. Siku maji yatakapokimbia nje ya kalenda hiyo, au ardhi itakapotikisika kwa nguvu na kwa muda mrefu, samaki waliobaki mchangani waachwe. Watu wapande sehemu ya juu kwa miguu, wasisubiri king'ora, na wasirudi baada ya wimbi la kwanza, maana la pili au la tatu linaweza kuwa kubwa zaidi.