Sarafu Bandia za Uingereza: Wanaozikimbia na Wanaozitafuta

Sarafu ya bandia haina thamani, lakini hasara yake ni ya kweli, nayo humwangukia mtu mmoja tu: yule anayegundulika akiwa nayo mkononi. Aliyeighushi amekwisha kununua alichokitaka. Waliopokezana katikati hawakupungukiwa na kitu, kwa kuwa kila mmoja aliipokea na kuitoa bila ya kuitazama. Wa mwisho ndiye anayelipa kwa niaba ya wote. Jambo hili lilidhihirika nchini Uingereza kwa muda wa zaidi ya miaka 30, tangu pauni ya sarafu ilipotolewa hadi ilipoondolewa. Katika muda huo huo walikuwako watu waliozitafuta sarafu za bandia kwa hiari yao, wakafurahi kila walipozipata.

Pauni si jina geni Afrika Mashariki. Wazee wanakumbuka enzi ambapo shilingi 20 zilihesabiwa kuwa pauni moja, kwa desturi iliyoletwa na Waingereza. Huko Uingereza kwenyewe hesabu ya shilingi ilikomeshwa tarehe 15 Februari 1971, pauni ikagawanywa katika peni 100. Noti ya pauni moja iliendelea kutumika, lakini ilichakaa upesi, na tarehe 21 Aprili 1983 ikatolewa sarafu ya mviringo ili ichukue nafasi yake. Sarafu hiyo ilifuliwa kwa mchanganyiko wa shaba asilimia 70, zinki asilimia 24.5 na nikeli asilimia 5.5. Uzito wake ulikuwa gramu 9.5, upana milimita 22.5, na unene milimita 3.15.

Waghushi hawakukawia kuiona faida. Sarafu ilikuwa ya madini ya namna moja na rangi moja, na thamani yake dukani ilizidi mbali gharama ya kuitengeneza. Kiwanda cha Sarafu cha Kifalme, kilicho Llantrisant huko Wales, kilikuwa na desturi ya kukusanya sarafu za kupimwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Mnamo mwaka 2003 ilionekana kwamba karibu pauni moja katika kila 100 ilikuwa ya bandia. Kufikia mwaka 2013 hesabu ilikuwa imepanda hadi karibu moja katika kila 30, yaani sarafu zipatazo milioni 45 nchini kote. Kwa wastani huo, mwenye duka aliyepokea sarafu 300 kwa siku alifunga duka lake akiwa na kama kumi zisizo na thamani yoyote.

JINSI YA KUITAMBUA

Waliojizoeza kuzitambua pauni za bandia hawakuhitaji vyombo vya gharama. Macho, vidole, mizani ndogo na kioo cha kukuzia vilitosha. Jambo la kwanza lililotazamwa ni mwelekeo wa pande mbili. Sarafu halali ya Uingereza ikishikwa kwa vidole viwili, juu na chini, kichwa cha Malkia kikiwa wima, kisha ikazungushwa kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba, nembo ya upande wa pili nayo husimama wima. Sarafu nyingi za bandia hazikulitimiza hilo. Nembo ilielemea upande, au ilisimama kichwa chini miguu juu.

La pili ni ukingo. Pauni halali ilikuwa na meno membamba yaliyo sawasawa, na juu yake maandishi yaliyozama. Nyingi zilikuwa na maneno ya Kilatini DECUS ET TUTAMEN, maana yake pambo na ulinzi. Karibu na maandishi palikuwa na alama ndogo ya msalaba ambao ncha zake nazo ni misalaba. Mghushi alishindwa hapo mara nyingi: herufi zake hazikulingana kimo, nafasi kati yake hazikuwa sawa, na wakati mwingine msalaba ulikosekana kabisa.

La tatu ni kupatana kwa tarehe, picha na maandishi. Nembo za pauni zilibadilishwa mwaka hata mwaka. Ile ya 1984 ilikuwa na mmea wa miiba wa Scotland, ya 1985 mboga ya liki ya Wales, ya 1986 mmea wa kitani wa Ireland ya Kaskazini, na ya 1987 mti wa mwaloni wa England. Sarafu za Scotland na Wales zilikuwa na maandishi yao wenyewe ukingoni, ya Wales yakiwa kwa Kiwelshi. Vivyo hivyo sura ya Malkia Elizabeth wa Pili ilichorwa upya katika sarafu za 1985, za 1998 na za 2015. Kwa hiyo pauni yenye liki ya Wales na maandishi ya Scotland, au yenye tarehe ya 1996 na sura iliyoanza 1998, ilijishitaki yenyewe.

Mwisho ni madini. Baadhi ya sarafu za bandia zilimiminwa katika kalibu kwa risasi, kisha zikapakwa rangi ya dhahabu. Hizo zilikuwa laini, na rangi ilibanduka pembeni na kuacha weusi. Nyingine zilifuliwa kwa shaba ya manjano, zikang'aa kupita kiasi hata kama tarehe yake ilikuwa ya miaka 20 nyuma. Mashine za kuuzia tiketi na vinywaji, ambazo huyapima madini yenyewe, zilizitema nyingi kati ya hizo.

UGHUSHI WA KALE

Maneno yale ya Kilatini hayakuwekwa ukingoni kwa ajili ya urembo tu. Yalianza kutumika katika sarafu kubwa za fedha mwaka 1662, kwa ushauri wa mwandishi John Evelyn. Zamani wezi walikuwa wakizikata sarafu za fedha pembeni kidogo kidogo, wakakusanya vipande na kuviyeyusha. Ukingo wenye maandishi ulimfichua mara moja aliyeukata.

Hata hivyo ughushi haukuisha. Mwaka 1696 mtaalamu mashuhuri wa sayansi, Isaac Newton, alipewa kazi katika kiwanda cha sarafu jijini London. Wengi walidhani ni cheo cha heshima tu. Yeye aliwafuatia waghushi kwa bidii ile ile aliyoitumia katika hesabu, akahoji mashahidi na kuandika ushahidi wao. Mghushi maarufu William Chaloner alinyongwa Tyburn mwezi Machi 1699 kwa kazi yake. Adhabu ya kifo kwa wenye kughushi sarafu ilidumu hata karne ya 19, ikafutwa mwaka 1832.

Walioumia zaidi katika karne ya 18 walikuwa maskini. Sarafu za shaba za nusu peni, ambazo ndizo zilizowahusu wafanyakazi, zilikuwa haba. Kiwanda cha Serikali kiliacha kuzifua baada ya mwaka 1775, na pengo likajazwa na za bandia. Walikuwapo waajiri walionunua sarafu hizo kwa bei ya chini, kisha wakawalipa watu wao mishahara kwazo kana kwamba ni halali. Mfanyakazi alipokwenda kununua mkate, muuzaji alizikataa au alizipunguza thamani. Waghushi wengine, kwa kuikwepa sheria, walibadili maneno kidogo: badala ya jina la mfalme kwa Kilatini waliandika maneno mengine yanayofanana nalo, wakitegemea kwamba wasiojua kusoma hawangetofautisha. Nafuu ilianza kupatikana mwaka 1797, Matthew Boulton wa Birmingham alipofua kwa mashine za mvuke peni nzito ya shaba yenye uzito wa aunsi moja, ambayo ilikuwa vigumu kuigiza kwa faida.

MKUSANYAJI NA SHERIA

Vipande hivyo vya shaba vilivyomdhulumu mfanyakazi wa zamani leo vinahifadhiwa katika majumba ya makumbusho na katika makabati ya wakusanyaji. Mkusanyaji hathamini udanganyifu. Anathamini habari zilizomo. Sarafu ya bandia humwonyesha ni madini gani yaliyopatikana kwa urahisi, mghushi alikuwa na ujuzi kiasi gani, na watu wa wakati ule walikuwa na haraka kiasi gani hata wasiitazame.

Lakini pauni za bandia si sawa na nusu peni za kale. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 kuhusu ughushi hulinda sarafu zitumikazo kuwa fedha katika nchi yoyote, pamoja na nyingine zilizotajwa kwa amri. Chini ya sheria hiyo si kutengeneza wala kutumia tu kulikokatazwa. Hata kuwa na sarafu ambayo mtu anajua kuwa ni ya bandia, bila ya ruhusa au sababu inayokubalika kisheria, ni kosa. Mwananchi alitakiwa kuipeleka polisi au benki, wala hakulipwa fidia. Hapo ndipo penye mtihani: aliyejifunza kutambua alipoteza pauni yake kwa sababu ya elimu yake, na asiyejua aliipitisha kwa mwingine akabaki salama. Elimu bila ya uaminifu ingemfanya mtu kuwa mshiriki wa mghushi.

Serikali ilipoona hali hiyo, ilitoa pauni mpya tarehe 28 Machi 2017. Hiyo ina pembe 12 na madini ya namna mbili, ya manjano nje na meupe ndani. Ina herufi ndogo mno zisizosomeka vizuri bila ya kioo, na picha inayogeuka kutoka alama ya pauni kuwa tarakimu moja sarafu inapoinamishwa. Pauni ya mviringo ilikoma kuwa fedha halali madukani tarehe 15 Oktoba 2017.

Waghushi nao hawakulala. Siku hizi wako wanaowalenga wakusanyaji wenyewe. Sarafu ya peni 50 ya mwaka 2009 yenye picha ya bustani ya Kew ilifuliwa 210,000 tu kwa ajili ya matumizi ya kawaida, na kwa kuwa hutafutwa sana, za bandia zimeuzwa kwa bei kubwa kwa watu waliodhani wamepata bahati. Mkusanyaji mwangalifu hupima uzito na kuilinganisha na iliyo halali kabla ya kulipa.

Funzo lililomo linaihusu kila nyumba, iwe inatumia pauni, shilingi au faranga. Chenji itazamwe pale pale inapopokewa, mbele ya aliyeitoa, wala si jioni nyumbani. Watoto wanaotumwa dukani wafundishwe kuitambua fedha ya nchi yao kwa ukingo na uzito wake. Na ikitokea kwamba sarafu ya bandia imekwisha kuingia nyumbani, isipelekwe kwa mama auzaye ndizi gizani kwa tamaa ya kuepa hasara. Aliye mwisho hapo atakuwa yeye, naye pengine ndiye asiyeweza kabisa kuibeba.